Mfalme wa Nyanya na Dume la Hemani

Sehemu ya kumi na moja

Ufunguo ulizunguka kitasani mara ya pili, na mlango wa nyumba ya Bi Gudrun Olschewski ukafunguka.

Wiki iliyopita tulimwacha Detlef Kwiatkowski amepiga magoti katika chumba cha kulala cha mwanamke asiye mke wake, kichwa na mabega vimo ndani ya hema jeusi la kuoteshea mimea, mkononi kashika brashi ya kunyolea ndevu, puani ana unga wa njano. Mnaolalamika kwamba nimemwacha mzee wa watu katika hali ile wiki nzima mna haki yenu. Lakini magoti ni yake, na kilichompeleka pale ni mdomo wake mwenyewe.

Kwa aliyechelewa kujiunga nasi, habari ni hii. Detlef ni mchimba makaa ya mawe mstaafu wa mjini Bottrop, mgane wa miaka sita, na kwenye bustani za chama cha wakulima kule nyuma ya reli wanamwita Mfalme wa Nyanya. Vikombe vyake vya ushindi amevipanga juu ya kabati la vyombo, na mgeni akikaa mahali asipoviona, husogezewa kiti mpaka avione.

Ghorofa ya juu yake anaishi Bi Olschewski, mpiga kodiani. Tangu afiwe, Detlef amekuwa akila chakula cha jioni chini ya dari ile huku akisikiliza vidole vya mama yule vikitembea. Na miaka yote hiyo wameitana Bwana Kwiatkowski na Bi Olschewski, kwa sababu hapa kwetu jina la mtu haliguswi mpaka mmoja athubutu kusema, "Niite kwa jina langu." Hakuna aliyethubutu.

Mwaka jana kodiani ikanyamaza. Baridi yabisi ilikuwa imemkamata mama vidole. Na kwa kuwa sheria siku hizi inamruhusu mtu mzima mimea mitatu ya bangi nyumbani mwake, akapanda mitatu apate kuchemsha mafuta ya kujipaka. Yeye anasema yanamsaidia. Daktari wake hasemi ndiyo wala hapana.

Mimea ilikuwa ndiyo kwanza inakaribia kutoa maua pale bima ilipomkubalia Bi Olschewski wiki tatu za matibabu kwenye chemchemi za maji moto. Jirani akisafiri, jirani humwagilia maua. Basi ufunguo ukashuka ghorofa moja.

"Hii si nyanya, Bwana Kwiatkowski," alimwonya siku ile mlangoni. "Utaiweza?"

"Mmea ni mmea, Bi Olschewski," akajibu Mfalme.

Sentensi hiyo ndiyo iliyomwingiza hemani.

Sasa viatu vilikuwa vinapita sebuleni kuja chumbani. Detlef alijaribu kurudi kinyumenyume, lakini zipu ya hema ilikuwa imeng'ata sweta lake mgongoni. Akavuta. Hema likaja naye. Akaacha kuvuta, akatulia kama anayetarajia kudhaniwa ni fanicha.

Viatu vikasimama nyuma yake.

"Sijui wewe ni nani," ilisema sauti ya mwanamke, "ila hayo makalio yako juu ya zulia la mdogo wangu."

Alikuwa Waltraud, dada mkubwa wa Gudrun, dereva wa tramu mstaafu, ambaye katika kazi yake hakuwahi kumsubiri abiria anayekimbia. Detlef aliwahi kukutana naye mara mbili tatu kwenye sikukuu za kuzaliwa, na kila mara aliondoka akihisi kwamba tiketi yake imekaguliwa.

Waltraud alimfungua zipu. Detlef akasimama, akajipangusa magoti, akamsabahi kwa adabu zote anazoweza kuwa nazo mtu mwenye unga puani. Kisha, badala ya kunyamaza kama mwenye akili, akaanza kueleza. Maana Detlef akibanwa hukimbilia utaalamu.

Alieleza kwamba wiki ya kwanza mimea ilirefuka vizuri. Halafu miwili ikatoa vijinywele vyeupe kwenye maungio ya matawi, ilhali wa tatu, ule mrefu wenye afya, ulitoa vishada vya vigololi vya kijani. Mwenye macho ya nyanya akiona kigololi anaona tunda. Akafurahi. Ile miwili ya nywele akaihurumia, akaona imechelewa.

Sasa, nyanya za kwenye banda la vioo hazipati nyuki. Mkulima ndiye nyuki. Adhuhuri hupita akigonga vishada kwa kidole, na kile kishada kikaidi hukipitishia brashi. Kwa hiyo vigololi vilipofunguka na kumwaga unga, Detlef alijua la kufanya. Kila adhuhuri tangu siku hiyo amekuwa akipanda juu na brashi yake, akichota unga kwa yule mrefu na kuwapaka wale wawili, taratibu, bila kuusahau hata unywele mmoja.

Waltraud alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Akakaa kitandani.

"Hebu rudia hapo kwenye brashi," akasema.

Detlef akarudia, safari hii na vitendo.

"Bwana Kwiatkowski, huyo mwenye vigololi ni dume."

Nyinyi mliokua na mpapai dume uani mlishaanza kucheka tangu kwenye vigololi. Msimcheke sana. Ua la nyanya lina baba na mama humo humo ndani, halihitaji posa wala mshenga. Detlef alikuwa amefika umri ule akiamini kwamba mimea yote imepangwa kistaarabu namna hiyo.

"Dume," alirudia.

"Dume. Mimi nimo kwenye chama cha wakuzaji bangi, nimewaona wengi, na huyu wako hana hata aibu." Waltraud aliinuka, akachungulia hemani chini ya ile taa kubwa. "Sikiliza, maana naona hukusikiliza. Mche ukichomoza una vijani viwili vya duara, hapo hata wenyewe haujijui. Ukiwa mtoto unakula mwanga karibu mchana na usiku, unaota majani, haukwambii kitu. Ukishapunguziwa taa, ukapata giza nusu ya siku, unadhani kiangazi kimeisha. Ndipo unapofichua siri. Nywele nyeupe, jike. Vigololi, dume. Na dume anang'olewa siku hiyo hiyo, kabla hajafungua mdomo."

"Na majike?"

"Jike asipoguswa anangoja. Anavyongoja ndivyo anavyozidi kutoa utomvu, maua yananenepa, nywele zinageuka rangi ya kutu, ndipo unamvuna. Huo utomvu ndio mafuta ya Gudrun. Lakini akishaguswa ana kazi nyingine. Anatunga mbegu."

Detlef aliitazama brashi yake.

"Kwa hiyo mimi nime..."

"Umewaozesha. Mabinti wawili, bwana mmoja, na mshenga ni brashi ya ndevu."

Mlezi wa watu aliificha brashi nyuma ya mgongo. Alikumbuka kwamba Bi Olschewski alimwomba jambo moja tu: akiona chochote kipya, apige simu. Hakupiga. Alitaka kumfanyia jambo la kumshangaza. Mama alipopiga mwenyewe na kuuliza kama nywele bado nyeupe, alijibu kwamba ni nyeupe kama za kichwani mwake mwenyewe, akacheka peke yake, akabadilisha mazungumzo kuelekea kwenye vikombe.

"Na hiki kijiti ni nini?" aliuliza Waltraud kutoka hemani.

Kile kijiti kilikuwa jike la pili. Detlef alikuwa amelinyofoa vichipukizi vyote vya kwapani, kimoja baada ya kingine, kama afanyavyo kila mkulima wa nyanya mwenye akili timamu asubuhi za Jumamosi, ili nguvu yote iende juu. Alipofafanua hivyo, Waltraud aliuliza kama alijua maua ya mmea huu huota wapi hasa. Detlef akasema hajui. Waltraud akasema, kwapani.

Hapo mzee naye akakaa kitandani. Miaka thelathini alifanya kazi chini ya ardhi, gizani, na hakuwahi kuharibu kitu. Wamempandisha juu, wakampa taa nzuri na mimea mitatu, basi yote mitatu ameikosea, kila mmoja kwa namna yake. Laiti kungekuwa na kikombe cha upumbavu, angekisogezea kiti.

Lakini aliumia, na si kwa ajili ya vikombe. Alikuwa anaiwaza dari yake iliyonyamaza. Alikuwa ameshajipigia hesabu kwamba vuli ikifika mafuta yatakuwa tayari, vidole vitalegea, na wimbo ule wa taratibu, ambao Bi Olschewski huuanza mara mbili kabla haujakaa sawa, utashuka tena mpaka kwenye sahani yake ya viazi. Sasa hautashuka, na aliyeuzuia ni yeye.

"Nitamwambia atakaporudi," alisema. "Ijumaa ijayo."

"Ijumaa?" Waltraud alimtazama kwa huruma, na huruma ya Waltraud ilitisha kuliko dhihaka zake. "Unadhani mimi nimekuja kufanya nini hapa? Nimekuja kuingiza hewa na kuwasha joto. Gudrun anarudi mapema, leo hii alasiri, saa ya kahawa na keki. Na haji peke yake."

Kuna bwana, akaeleza. Tangu siku ya pili kule chemchemi amekuwa akimbebea trei ya chakula. Halafu akaanza kumbebea taulo. Sasa anambebea sanduku mpaka nyumbani.

Detlef hakuhitaji kuambiwa zaidi. Nchi nzima inajua kwamba anayekwenda kwenye chemchemi hurudi na magoti mapya au bwana mpya. Mabwana hao wana hata jina lao, kivuli cha chemchemi, na Detlef mwenyewe kwenye baraza za bustani amewacheka wengi waliopokonywa wake na vivuli. Leo kivuli kilikuwa kwenye treni, kinakuja, na yeye alikuwa na brashi.

Waltraud alikwenda akafunga mlango wa chumba ingawa nyumbani hapakuwa na mtu.

"Nisikilize, shemeji."

Kwa neno hilo Detlef aliinua kichwa. Waltraud alijifanya hakulisema.

"Kwangu mtaa wa pili ninayo mimea mitatu, mbegu zilitoka pakiti moja na hizi. Majike watupu, hawajaguswa, nywele nyeupe pee. Tunaleta yangu, tunaondoa yako. Gudrun haoni, mafuta anapata. Mimi mtu wa trei simtaki. Amenisalimia kwenye simu kwa sauti ya mwuza magodoro."

"Na wewe utapata nini?"

"Nyanya. Zile kubwa ziitwazo moyo wa ng'ombe. Kiangazi chote."

Ningependa kuwaambieni kwamba Detlef alisita. Hakusita. Aliuliza tu waanze na upi.

Walianza na dume, maana ndiye shahidi. Alikuwa mrefu kufika kifuani kwa mtu, ananuka, na kila akiguswa anamwaga unga. Kumpitisha ngazini vile alivyo isingewezekana. Nyuma ya mlango lilining'inia joho la kuogea la Bi Olschewski, la taulo, rangi ya waridi. Wakamvika. Waltraud akafunga mkanda kwa mafundo mawili. Detlef akambeba mikononi kama bibi harusi, chungu kikiwa upande wa miguu, akatoka.

Muda ulikuwa wa kutosha kabisa. Hesabu ilikuwa imetokana na ratiba ya treni, pamoja na kile kila mtu wa hapa anachojiongezea kimoyomoyo juu ya ratiba: robo saa ya kawaida, robo saa ya visingizio, na kitu kidogo cha ziada akiwa na keki mezani. Hawakukosea hata kidogo. Kosa lilikuwa la treni, ambayo siku hiyo ilifika kwa wakati.

Detlef alipokata kona ya ngazi alisikia sauti mbili zikipanda. Akasimama. Hapakuwa na pa kwenda. Nyuma yake juu, Waltraud alikuwa ameshafungua madirisha yote, na upepo wa mkondo ulikuwa unashuka ngazini ukibeba harufu ya dume mpaka mlango wa mtaani.

Kwanza alitokea Bi Olschewski, ameshika chuma cha ngazi, uso umepata rangi, nywele zimekatwa upya. Nyuma yake akatokea bwana. Alikuwa mpana wa mabega, ana masharubu yaliyochanwa, na alibeba sanduku zito kwa mkono mmoja bila kuhema. Detlef alimtafutia kasoro, akakuta viatu vyake vimepigwa rangi vizuri mno. Hiyo ndiyo tu aliyoipata.

"Bwana Kwiatkowski," alisema Bi Olschewski.

"Karibu nyumbani, Bi Olschewski."

"Hilo ni joho langu."

"Ni lako."

"Lina majani."

Jani moja, vidole vyote saba vimekunjuka, lilikuwa limetoka kwenye mkono wa joho kana kwamba linaomba kusalimiwa.

"Anakwenda kulifua," Waltraud alitupa neno kutoka juu, kwa sauti tulivu ya mtu aliyezoea kutangaza vituo. "Lilimwagikiwa na kahawa."

Basi uongo ulikuwa tayari, umepigwa na pasi. Alichotakiwa Detlef ni kutikisa kichwa na kushuka. Mimea ya Waltraud ingepanda, nyanya zingeshuka, na vikombe vingebaki juu ya kabati.

Akautazama mkono wa Bi Olschewski juu ya kile chuma. Vidole vilikuwa vimeshika, lakini havikufunga. Kidole cha mwisho kilikaa pembeni, kimekakamaa, kama kisichokuwa cha mkono ule.

"Haliendi kufuliwa," alisema.

Waltraud huko juu alitoa mguno.

"Humu ndani mna dume, Bi Olschewski. Alijitokeza mapema, nami sikumjua. Uliniambia nipige simu, sikupiga. Nikachukua brashi yangu ya ndevu nikawapaka wale wengine unga wake, kila siku, kwa mkono wangu mwenyewe, na ninavyoambiwa sasa wanatunga mbegu. Jike la pili nililing'oa makwapa. Dada yako alitaka kuniokoa, mimi ndiye niliyekubali. Sijui chochote juu ya mmea huu. Najua nyanya. Na baada ya leo hata nyanya nina wasiwasi nazo."

Bwana mwenye masharubu alihamisha sanduku mkono wa pili.

"Kwa nini ulisema unajua?" aliuliza Bi Olschewski.

Jibu la heshima lilikuwepo. Lilihusu ujirani, na kusaidiana, na kiburi cha mkulima. Detlef alilitafuta, akalipata, akafungua kinywa alitoe. Likatoka jingine.

"Kwa sababu ungempa ufunguo mtu mwingine, Gudrun."

Jina lilikwisha toka. Alilisikia likigonga ukuta wa ngazi na kurudi, na kwa kuwa maji yamekwisha kumwagika, akaona heri amwage ndoo nzima.

"Nakula chini ya kodiani yako tangu nilipofiwa. Siku ulipoacha kupiga nilidhani umehama, nikapanda na chumvi kuja kuazima chumvi. Nakupenda. Ningekuambia naweza kufuga mamba bafuni, kama huo ufunguo ungekuwa wa mamba. Sasa nimekuharibia dawa yako, na hilo ndilo linaloniuma. Mengine ni aibu tu, nimeizoea."

Huko juu Waltraud aliinama juu ya chuma cha ngazi asikie vizuri.

Gudrun Olschewski alimtazama Detlef kuanzia pua yenye unga, akashuka kwenye joho lake la waridi, akafika kwenye chungu. Midomo yake ilicheza kidogo, lakini kuelekea wapi, Detlef hakuweza kujua. Kisha akageuka kwa yule bwana.

"Umemsikia, Hartmut?"

"Nimemsikia."

"Nilikwambia kwamba yupo."

"Uliniambia," alisema Hartmut.

Akaliweka sanduku chini, polepole, akalisukuma kwa mguu lisizuie njia. Kisha akaanza kufungua vifungo vya koti lake, kimoja baada ya kingine, macho yake yakiwa kwa Detlef.

Detlef alitafuta mahali pa kumweka dume chini, apate walau mkono mmoja huru. Lakini ngazi za jengo lile ni nyembamba, na madume watatu hazikuwatosha.